Zamu ya Roboti

Mwanangu Shabani,

Nakusalimia mapema, kabla hujapanda basi, ili salamu zangu zikutangulie Upington uendako kujifunza kazi, na wewe uzikute zimekaa zinakungoja. Umetoka kwenda kuwaaga wenzio wa mpira, umesema unarudi sasa hivi, na sasa hivi yako naijua ilivyo ndefu. Nimekaa kwenye meza ya kukandia unga, nimeifuta, na kila geti la jirani likilia nainua kichwa.

Kiswahili changu unakisikia vizuri kuliko unavyokisoma. Basi barua hii isome kwa sauti, hata kama vijana utakaolala nao chumba kimoja watakucheka. Ukiisoma kwa macho tu utachoka katikati. Ukiisoma kwa mdomo utanisikia mimi. Na mimi shule yangu iliishia darasa la nne kule Pangani, kwa hiyo tutavumiliana, wewe kwa kusoma na mimi kwa kuandika.

Sikuandikii habari za blanketi, soksi wala sabuni. Hizo nimekuchosha nazo wiki nzima. Sikuandikii hata habari ya kula. Nataka tuzungumze habari ya mbwa.

Asubuhi, ukiwa unakunja mashati, uliniambia, "Mama, bima ya Roboti usiifikirie. Nitalipa mimi yote, itakatwa kwenye pesa yangu ya kule." Ulisema kwa Kiingereza, kama unavyosema mambo unayotaka yapite haraka. Nikakujibu, "Haya." Ile haya haikuwa haya, baba. Nilikwenda jikoni nikashika ukingo wa sinki.

Naogopa. Wacha niliandike, maana mdomoni halitoki bila machozi na wewe ukiyaona machozi utafungua begi useme huendi. Naogopa lile basi na ile barabara. Naogopa watu watakaokuuliza unatoka wapi, na wewe umezaliwa hapa hapa lakini jina lako linawajibu kabla yako. Naogopa kulala kwenye chumba hiki cha nyuma bila kusikia unakoroma. Lakini leo kuna woga mmoja umekaa juu ya yote. Mwaka mzima utakuwa mwanafunzi wa kazi, unajifunza kutengeneza hizo sahani za umeme wa jua, na watakachokupa ni posho, si mshahara. Posho hiyo ukiikata ya mbwa, itakayobaki naijua. Si pesa ninayoiogopa. Naogopa wewe utakavyoilipa. Nimekwisha kukuona unavyolipa.

Unakumbuka ulivyomleta? Ulikuwa bado unavaa sare ya shule. Ulimkuta kwenye zile taa za kuongozea magari za kushukia uwanjani, huku wanaziita roboti, amekaa chini yake, magari yanapita huku na huku, naye anatazama juu kama anayengoja iwe kijani. Ukamfunga ndani ya sweta ukaja naye. Nilipofungua mlango nilipiga ukelele mpaka Mkhulu akaja na fimbo, akidhani tumevamiwa.

"Toa hiyo najisi nje!"

"Mama, ni mdogo."

"Hata nguruwe huanza mdogo!"

Mkhulu alicheka mpaka akakohoa. Ni jirani yetu tangu tuhamie Bertrams, mzee wa kuokota chupa na makopo na toroli lake, na hakuna neno alilowahi kuniambia likawa la kupoteza muda. Akanieleza kwa Kizulu cha polepole ili nielewe, "Ma, mwanamke na mtoto, baba hayupo, geti hili bovu, hamna mbwa? Mungu wako amekuletea mlinzi, wewe unamfukuza kwa sababu hakuvaa viatu."

Baba yako alikuwa amefariki mwaka ule ule. Nilikuwa silali. Nilikuwa naweka sufuria nyuma ya mlango ili mtu akisukuma lianguke niamke, na nilikuwa nimeshaamka. Basi nikaweka masharti: mbwa anakaa uani, hakanyagi mkeka, bakuli lake ni lake, na mimi simgusi. Wewe ukampa jina la pale ulipomwokota. Wiki ile nililala. Asubuhi nikakuta sufuria liko jikoni kwenye kabati, na sikumbuki nililirudisha lini.

Kisha wakamuua mbwa wa Mkhulu. Unajua wanavyofanya: wanarusha nyama yenye sumu juu ya ukuta, halafu wanarudi mbwa akishakuwa hayupo. Ilikuwa alfajiri, mimi natawadha, nikamsikia anavyolia. Mkhulu alikaa chini uani kwake amempakata kichwa, na hakukuwa na la kufanya, maana daktari wa wanyama alitaka pesa kwanza na Mkhulu alikuwa na makopo. Kesho yake wakaja, wakabeba vyote, mpaka blanketi la kitandani. Kuanzia hapo nikawa namchungulia Roboti kila nikitoka kuswali, kama anapumua.

Ndipo ulipoingia kwenye simu yako ukamkatia bima. Ulikuwa umeanza kazi ya kuosha magari, ukaniambia tulipe nusu kwa nusu, nikakubali bila kuuliza. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipoanzia, na wewe ulilicheka, lakini hujawahi kujua lilivyonitafuna.

Mimi ni kijumbe, Shabani. Wanawake wenzangu kila mwezi wananiwekea pesa mkononi, nazikusanya, nampa mwenye zamu. Pesa ya upatu haipotei. Unatoa, unatoa, unatoa, siku yako inafika unapokea. Nami nikajua bima ni upatu wa Wazungu. Nikatoa mwaka mzima na moyo mweupe, najihesabia kwamba yangu inakuja. Mwaka ulipokwisha bila kuitwa, nikakuambia piga simu, weka sauti kubwa, niongee nao mwenyewe.

"Dada, nataka kujua zamu yangu ni lini."

"Zamu ya nini, Mama?"

"Ya kupokea. Mwaka umepita. Kundi letu lina watu wangapi, na kijumbe ni nani?"

Yule dada akauliza, "Mama, mbwa anaumwa?"

"Mbwa mzima, alhamdulillahi."

"Basi hakuna cha kupokea, Mama."

"Yaani mpaka aumwe?"

"Mpaka aumwe."

"Na asipoumwa maisha yake yote?"

"Basi umebahatika, Mama."

Wewe ulikuwa umelala sakafuni unashika mbavu. Na mimi nikacheka, maana ilichekesha. Lakini siku zilizofuata nilikaa mlangoni namtazama Roboti amejinyoosha juani, ana afya, manyoya yanang'aa, na nikawa na hasira naye. Nikimwona anaruka ukuta nasema moyoni, pesa yangu hiyo inaruka. Jioni moja akakohoa. Mwanangu, nilifurahi. Ilikuwa dakika moja tu, lakini nilifurahi, kisha nikaogopa vibaya sana, maana yule ndiye aliyenifanya nilale usingizi na mimi nilikuwa namwombea homa ili nirudishiwe changu.

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe. Bima ya mbwa, ya simu, ya gari utakalonunua inshallah, ukiamua kulipa, ihesabu hiyo pesa imekwenda, kama umenunua mkate ukaula. Ukiona huwezi kuihesabu hivyo, ujue ni kubwa kuliko mfuko wako. Usilipie kitu kitakachokufanya ukae dirishani unangojea baya.

Kosa la pili uliliona mwenyewe, maana ulilikuta mlangoni.

Ile Jumapili wewe uko kazini. Nikatoka uani na ndoo ya nguo, nikamkuta Roboti amelala ubavu, ufizi mweupe kama karatasi, mkojo mwekundu. Nikamwita, hakuinua hata sikio. Ile kliniki ya wanyama ya sadaka, ambayo ndiyo ya watu kama sisi, Jumapili haifunguliwi. Nikampigia kelele Mkhulu. Akaja na toroli lake, akamwaga makopo yote chini, nikavua kanga ya begani nikamfunika Roboti, nikamnyanyua kwa mikono yangu miwili. Mimi, Shabani. Alikuwa mzito na wa moto. Sikuwahi kujua mbwa ana moto vile.

Tukamsukuma kupanda kule juu, upande wa Bellevue, kwa daktari wa wanyama wa kulipia, mimi na baibui langu, Mkhulu na koti lake la mvua, gurudumu moja linalia. Vijana wa kwenye kona wakatuona.

"Eish, Mkhulu, leo umeokota mbwa? Kilo randi ngapi?"

"Nyamaza," Mkhulu akawaambia, "huyu ana bima. Wewe unayo?"

Daktari akasema ni homa ya kupe, damu imekwisha, awekwe dripu na aongezwe damu leo leo. Nikamwambia kwa fahari kwamba tuna bima. Akasema vizuri, lipa sasa, halafu bima watakurudishia. Nikarudia kama sikusikia. Akarudia kwa upole. Lilikuwa limeandikwa kwenye yale masharti tangu siku ya kwanza, na sisi hatukulisoma, wewe kwa haraka, mimi kwa kutojua kusoma Kiingereza.

Na kwenye pindo la gauni langu, chini ya baibui, nilikuwa nimefunga pesa ya upatu. Ilikuwa zamu ya Saumu. Angekuja kuichukua baada ya alasiri.

Nikifikiri sasa, najua palikuwa na njia nyingine. Ningempigia Saumu nikamwomba. Upatu wetu una mlango huo, mwenye shida hubadilishana zamu na mwenzake, tumefanya mara nyingi, kwa uzazi, kwa msiba. Ila niliona haya kusema ni kwa ajili ya mbwa. Nikajiambia bima watarudisha kesho au keshokutwa, kama mtu anavyokurudishia sahani. Nikafungua pindo.

Nilirudi nikanawa mara saba, moja kwa udongo wa kwenye ndoo ya mchicha, kama nilivyofundishwa. Mikono ikatakata, roho haikutakata. Saumu akaja na mkoba mpya alioununua wa kubebea pesa yake.

"Dada Tatu, nimekuja."

"Karibu, Saumu. Kaa kwanza."

"Sikai. Kijumbe akikwambia kaa kwanza, pesa haipo."

Nikamweleza. Akatazama uani, akatazama toroli la Mkhulu, akanitazama mimi.

"Yaani kodi yangu ya chumba iko ndani ya mbwa?"

"Bima watarudisha, Saumu, wallahi."

"Mji huu nimeibiwa simu, nimeibiwa viatu vya biashara, nimeibiwa mpaka sufuria la futari. Na mbwa alikuwa bado. Leo nimekamilika."

Wewe ukatokea nyuma yake na sare yako imelowa, ukasema, "Mama mdogo, nitalipa mimi." Hukuniuliza mimi. Ulisema kama mwanamume wa nyumba, na mimi nikakuacha, kwa sababu niliishiwa nguvu. Hapo ndipo ninapopajutia kuliko pindo.

Bima walirudisha, siwasemi vibaya. Lakini zilikuja baada ya wiki nyingi, na zilikuja pungufu, maana kuna kile kiasi cha mwanzo unachojilipia mwenyewe kila mara. Saumu alikuwa ameshalipwa na wewe zamani, na mwenye chumba wake alikuwa ameshapoa. Nikasema mwanangu ana baraka, wenye magari wanampa bakshishi. Mpaka siku moja nilipeleka sambusa zangu dukani karibu na kazini kwako, yule mama anayeuza sahani za pap, ugali wa huku, na nyama akaniuliza, "Ma, Shabani wako dini gani hii? Kila siku anasema amefunga. Ramadhani si ilikwisha?"

Sikukuambia kwamba nilijua. Nilikuwa naongeza wali kwenye sahani yako ya jioni na wewe ukawa unasema umeshiba, ili nibaki na wa kesho. Tulikuwa tunadanganyana juu ya sahani moja.

Ndiyo maana asubuhi nilishika sinki. Kule Upington hakuna mama wa pap wa kuniletea habari.

Basi ulipotoka nimefanya jambo bila idhini yako. Nimefikiri kwanza, usidhani nimekurupuka. Nilikaa na Mkhulu pale kwenye ngazi, tukampima Roboti kama wachuuzi. Si mbwa mdogo tena. Bima ile kubwa inapanda kila mwaka, na yeye anazeeka kila mwaka, na mimi sambusa zangu haziongezeki. Nikajiuliza ni nini hasa ninachokiogopa. Kikohozi, upele, minyoo, hizo nitapanga foleni kule kliniki ya sadaka, foleni haijaniua. Kupe wenyewe tunawazuia kwa dawa ya kupaka shingoni, nusu ya pesa za bima ingetosha kuinunua tangu mwanzo na Jumapili ile isingekuwepo. Ninachokiogopa ni gari, vyuma vyenye ncha vya ukutani, na nyama ya sumu. Kile kinachokuja mara moja, kikubwa, siku ambayo kliniki imefungwa.

Mkhulu akasema, "Wangu ningekuwa na kitu cha siku ile moja tu, Ma. Siku nyingine zote ningezimudu."

Wana bima ndogo, ya hayo tu. Nikampigia yule dada. Sijui kama ni yule yule, lakini sauti yake ilikuwa inacheka tangu nilipotaja jina. Nikamwambia, nataka kutoka kwenye kubwa niingie kwenye ndogo, na ikatwe kwenye akaunti yangu mimi, isiguse ya mwanangu. Nikamuuliza, na sumu je? Akasema sumu imo. Nikamuuliza tena, ya kurushiwa ukutani? Imo, Mama. Mara ya tatu nikamuuliza kama lazima nilipe kwanza mimi. Akasema wapo madaktari wanaokubali kulipwa na bima moja kwa moja, nitafute aliye karibu na niulize kabla ya siku ya shida. Jumatatu nitakwenda kuuliza kwa miguu yangu. Na kile kiasi cha mwanzo, je? Hicho kipo pale pale, Mama, hicho ni chako.

Kisha nikamuuliza lile lililokuwa linanikera miaka yote. "Dada, zile nilizotoa mwaka ule mzima, Roboti akiwa mzima, zilikwenda wapi?"

Akasema, "Pengine zilimtibu mbwa wa mtu aliyegongwa, Mama."

"Mbwa wa nani?"

"Simjui. Na yeye hakujui."

Unajua, hapo nikaelewa kuliko siku zote. Alipofariki baba yako watu wa Tanga walichanga, wengine hata sura zao sikuwa nazijua. Walitoa wakaenda zao, hakuna aliyerudi kuuliza zamu. Ni mchango, basi. Ni mchango wa watu wasiojuana.

Halafu akaniambia, "Sasa Mama, simu inarekodiwa, lazima utamke mwenyewe jina la bima unayoitaka."

"Ile ndogo."

"Jina lake, Mama."

"Si umenisikia, ndogo."

"Lazima ulitamke."

Mwanangu, unajua inaitwaje. Inaitwa bima ya ajali. Na wewe kesho unapanda basi. Ulimi ulikataa. Nilisimama katikati ya chumba, begi lako limefungwa liko mbele yangu na viatu juu yake, na mimi naambiwa nilitamke neno lile kwa mdomo wangu, ndani ya nyumba unayoondokea. Nikamwambia subiri. Nikatoka nje mpaka uani kabisa, mbali na begi, nikasimama karibu na Roboti. Nikasema bismillahi. Nikasema, bima ya ajali, ya mbwa. Ya mbwa, nikarudia, ya mbwa peke yake, andika hivyo. Akasema ameandika. Roboti akanitazama kama mtu aliyetajwa barazani.

Imebaki kile kiasi cha mwanzo. Alasiri wanawake wamekuja, tunaanza mzunguko mpya, nikawaambia kuna jina moja limeongezeka. Ile tofauti ya bima kubwa na ndogo, upande wangu, nitakuwa naiweka kwa jina la Roboti, iwe ya kiasi hicho.

Saumu akaweka kikombe chini. "Mbwa?"

"Mbwa."

"Mwanachama?"

"Kama wewe."

"Na siku ya kupokea atakuja na mkoba, au atabeba mdomoni?"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nikawaacha. Nikasema asiyetaka aseme, na wewe Saumu ndiye mwenye haki ya kusema kuliko wote. Akaukunja ukingo wa mtandio wake, akaukunjua.

"Mwandike," akasema. "Lakini asipokee kabla yangu. Hilo siwezi kulistahimili mara mbili."

Tukapiga kura. Saumu akatoka wa tatu. Roboti katoka wa mwisho kabisa, mwezi ule ambao mafunzo yako yanakwisha. Wakati wanavaa viatu, Saumu akanivuta pembeni ya mlango. "Dada Tatu, akianguka kabla ya zamu yake, useme. Nitabadilishana naye. Ila usimlete kwangu, mimi mbwa naogopa."

"Hata mimi naogopa," nikamwambia.

"Wewe unaogopa nini, na unaye?"

Nikamfungulia mlango. Ningemjibu, ningeanza kulitaja lile basi.

Basi ndivyo ilivyo, Shabani. Kesho ukiona simu yako haijalia ule ujumbe wa kukatwa pesa, usishtuke, usiwapigie, usijifanye baba wa nyumba. Nyumba ina mwenyewe. Kama nimekosea, nimekosea kwa mfuko wangu, na makosa ya mfuko wangu nimeyazoea. Sijui kama bima ndogo itatosha. Huenda akapata ugonjwa mkubwa ambao hauko kwenye ndogo, na nitalia na kusema ningebaki na ile kubwa. Huenda asipate chochote, azeeke alale pale mlangoni siku moja asiamke. Yote mawili yananitisha. Nimechagua woga ninaoweza kuulipia.

Zamu yake ikifika lazima awepo, na mimi niwepo, na wewe uje umpokelee. Uje na mkoba, Saumu asiwe na la kusema.

Geti letu limelia. Nimesimama na peni mkononi, nimetega sikio kama kila siku. Roboti hajabweka. Basi ni wewe.

Nilisema sikuandikii habari ya kula. Nimeghairi. Ukiamka, kula. Mchana, kula. Akikuuliza mtu kama umefunga na si Ramadhani, mwambie mama yako amekataza. Sasa nakuja kukupakulia, na leo usiniambie umeshiba.

Mimi mama yako,
Tatu